Wodi ya akili wakati wa mlipuko: anza na daftari la dawa, vitanda vitafuata

SWALI: "Daktari shikamoo. Mimi ni nesi msimamizi wa wodi ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa huku Kanda ya Ziwa. Kipindi cha korona wodi yetu ilichukuliwa ikawa ya kutengea wagonjwa wa kifua, wa kwetu wakaruhusiwa haraka haraka na kliniki ikasimama. Wengine hatukuwaona tena mpaka walipoletwa na polisi. Sasa hospitali inaandika upya mpango wa magonjwa ya mlipuko na nimeambiwa nilete ukurasa mmoja wa idara yetu. Niandike nini ili safari hii tusifutwe?"

JIBU: Marahaba sista, na umefanya vizuri kuuliza sasa ivi wakati kumetulia, maana mlipuko ukishaingia kila mtu anakimbizana na oksijeni na hamna atakayekaa kusikiliza habari za wodi ya akili. Nitajibu kwa urefu kidogo sababu hili jambo linaniuma kweli, kila likitokea janga wagonjwa wetu ndo wa kwanza kuambiwa wasubiri.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: kilichowaumiza wagonjwa wenu zaidi ni kukatika kwa dawa. Jengo lilirudi, vitanda vikarudi, lakini ile njia ya mgonjwa kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye sindano yake ya mwezi au pakiti yake ya vidonge ikishakatika wiki kadhaa tu basi wagonjwa wanaanza kurudi mmoja mmoja, na kama hamna wodi wataishia mahabusu, wataishia barabarani, au watafungwa kamba nyumbani. Kwahiyo ukurasa wako uanze na dawa halafu ndo uje kwenye jengo. Wengi wetu tunaanza na jengo, tunapigania vitanda kwenye kikao, tunashindwa, tunatoka mikono mitupu.

Na usiende pale kinyonge. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa matokeo ya uchunguzi wake tarehe 5 Oktoba 2020, waliuliza nchi 130, na 93% ya nchi hizo zikasema huduma zao muhimu za afya ya akili zimeyumba au zimesimama. Ushauri nasaha uliyumba kwenye 67% ya nchi, metadoni (dawa ya walioathirika na heroini) na dawa za aina hiyo 45%, huduma za dharura 35%, upatikanaji wa dawa 30%. Nchi tajiri zaidi ya 80% zilihamia kwenye tiba kwa simu na video, nchi maskini hazikufika hata nusu. Mpeleke mganga mfawidhi namba hizo, ataona kwamba tatizo halikuwa idara yako kuwa dhaifu, ni mpango tu haukuwepo, na haukuwepo karibu kila mahali.

Sasa daftari. Chukua rejesta ya kliniki, kaa na daktari wenu na mfamasia, mpitie mgonjwa mmoja mmoja mkijiuliza swali moja: huyu akikosa dawa wiki nne nini kitatokea? Mwenye alama nyekundu ni yule atakayeumia au kuumiza, yaani aliyewahi kujaribu kujiua, anayekuwa mkali akiacha dawa, mama aliyejifungua karibuni na ana historia ya kuugua akili baada ya uzazi, anayetumia klozapini au lithiamu (dawa za akili zinazotaka vipimo vya damu), na yule anayeishi peke yake hata kama anaonekana yuko poa. Wengine wape njano au kijani. Pembeni ya kila jina andika namba mbili za simu, yake na ya ndugu, mtaa au kitongoji, jina la mwenyekiti, na zahanati iliyo karibu naye. Hii kazi inachosha, najua, na namba za simu watu wanabadilisha kila siku, kwahiyo iwe kazi ya kila mara mgonjwa anapokuja kliniki kumuuliza namba yako bado ni hii? Hospitali yenye daftari kama hilo inaweza kuanza kupiga simu siku ileile mlipuko unapotangazwa, isiyo nalo itatumia wiki tatu inapekua mafaili.

Wa kijani apewe dawa za miezi miwili au mitatu aende nazo. Ila wa nyekundu uwe makini, maana amitriptilini (dawa ya sonona) na lithiamu zikimezwa nyingi kwa mkupuo zinaua, huwezi kumpa mtu aliyejaribu kujiua mwaka jana vidonge vya miezi mitatu akakae navyo peke yake chumbani. Huyo mpe ndugu yake za wiki mbili wiki mbili, au zipelekwe zahanati akachukulie pale.

Sindano ndo usizichezee kabisa. Kuna hospitali kipindi kile walitaka kupunguza foleni wakawahamishia watu wa Modecate, ile sindano ya muda mrefu ya ugonjwa wa akili, kwenye vidonge, na mtu mwenyewe aliwekwa kwenye sindano sababu vidonge anavitema! Matokeo yake unayajua. Njia nzuri ni sindano imfuate mgonjwa, nesi wa zahanati anajua kuchoma sindano ya nyama, anachohitaji ni dawa, barua fupi yenye dozi na tarehe, na namba ya kukupigia akiona shingo imekakamaa au mgonjwa anatetemeka. Na kwa aliyetulia muda mrefu daktari anaweza kuamua kusogeza mbele nafasi kati ya sindano na sindano, lakini hilo liamuliwe kwa mgonjwa husika liandikwe kwenye faili, lisiwe tangazo la ukutani la wote.

Usiseme sisi Tanzania hatukufungiwa kwahiyo hayatuhusu. Uganda usafiri wa umma ulizuiwa tarehe 25 Machi 2020 na siku chache baadae magari binafsi nayo yakafuata, mtu aliyezoea kutoka wilayani kwenda hospitali ya akili ya Butabika kuchukua dawa angefikaje? Kenya nako kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020 na mwezi wa nne Nairobi ikafungwa watu wasiingie wala kutoka mpaka tarehe 7 Julai, sasa fikiria mama wa Kitui ambaye mwanae anatibiwa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi. Kwetu barabara zilikuwa wazi ila watu waliogopa hospitali yenyewe, wengine wakakaa nyumbani mpaka dawa zikaisha, na mgonjwa wa akili mara nyingi hajipeleki, anasubiri kupelekwa, ndugu akiogopa imeisha hiyo.

Kitu kingine ambacho wenye vikao hawakijui ni kwamba kliniki yetu ndo kliniki ya kifafa pia. Huku kwetu mwenye kifafa anachukua fenobabitoni au kabamazepini dirisha lilelile la wagonjwa wa akili, ukifunga kliniki ya akili umefunga na ya kifafa bila kujua. Na fenobabitoni ikikatwa ghafla degedege zinaweza kuja mfululizo bila mtu kuzinduka katikati, mtoto au mtu mzima anakufa hivyohivyo nyumbani au anaangukia moto wa kupikia. Hiyo sentensi iandike kwenye ukurasa wako kwa herufi nzito, nakuhakikishia ndo itakayowafanya waliokaa mezani wainue kichwa.

Nikirudi kwenye klozapini na lithiamu, hizi dawa mbili zinataka maabara na hapo ndo zinapokwama. Klozapini inataka damu ipimwe mara kwa mara kuangalia seli nyeupe, na mlipuko ukija maabara imeelemewa na mgonjwa haji. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba aliyetumia zaidi ya mwaka mmoja na seli zake hazijawahi kushuka chini ya kiwango anaweza kupimwa hata kila miezi mitatu kama hakuna njia salama ya kufika maabara. Watu wengi wenye asili ya Afrika seli zao hizo ni chache kwa asili bila ugonjwa wowote, kwahiyo daktari aangalie kiwango cha kawaida cha mgonjwa mwenyewe asije akamkatia dawa bure. Lakini anayetumia klozapini akipata homa au koo kuuma hapo hamna kusubiri, apimwe damu siku hiyohiyo, homa hiyo inaweza kuwa mlipuko na inaweza kuwa seli zimeisha. Halafu maambukizi yenyewe yanapandisha kiwango cha klozapini mwilini, na mvutaji sigara akitengwa akaacha kuvuta ghafla nayo inapanda, inaweza kupanda kwa karibu nusu ndani ya siku chache, utamkuta mtu anasinzia, mate yanamtoka, anashtukashtuka misuli, mwisho degedege. Nesi akijua hilo atampigia daktari mapema dozi ishushwe.

Lithiamu yenyewe adui yake ni kupungukiwa maji na dawa za maumivu. Mtu ana homa, anaharisha, hali, hanywi, halafu anaenda duka la dawa anapewa ibuprofeni au diklofenaki, lithiamu inalundikana mwilini inakuwa sumu. Dalili zake ni mkono kutetemeka sana, kuharisha, kuyumba, ulimi kuwa mzito. Mwambieni kila anayetumia lithiamu tangu leo, kabla ya mlipuko wowote, maumivu na homa atumie panadol, na akiharisha au kutapika apige simu kwanza.

Kuhusu simu, usiruhusu wakuandikie mambo makubwa ya video. Mgonjwa wako ana kitochi, au hana, anatumia ya shemeji. Simu ya kawaida inatosha kabisa ila iwe na utaratibu, na hospitali ilipe vocha, maana nesi hawezi kupiga simu arobaini kwa hela ya mfukoni. Anza kuongea na mgonjwa mwenyewe kabla ya ndugu, umuulize uko wapi na unaweza kuongea kwa uhuru, kama hawezi muulize maswali ya ndio na hapana. Usingizi, chakula, dawa imebaki vidonge vingapi (ahesabu ukiwa hewani), anasikia sauti au ana mawazo ya kufa. Ndo umuombe ndugu, naye umuulize yale ambayo mgonjwa hawezi kukwambia. Dakika kumi. Ukisikia ndugu anajibu kila kitu na mgonjwa hapewi simu kabisa, huyo weka alama ya kutembelewa nyumbani, nimeona mara nyingi hapo ndo kuna mtu amefungwa.

Haya tuje kwenye wodi. Februari 2020 Korea Kusini, hospitali ya Daenam kule Cheongdo, wodi ya akili ya kufungwa milango, kirusi kiliingia wakapata zaidi ya wagonjwa 100, karibu wodi nzima, na mtu wa kwanza kufa kwa korona nchi ile alitoka humo, mtu wa miaka 63 aliyekuwa amelazwa zaidi ya miaka 20. Vyumba vya watu wengi, madirisha yamefungwa, watu wamekaa ndani miaka na miili imedhoofu. Kwenye hospitali ya magonjwa ya akili ya Wuhan nako waliambukizwa wagonjwa kama 50 na watumishi kama 30. Italia tangu sheria ya 1978 wodi za akili ziko ndani ya hospitali za kawaida, na sheria hiyo iliweka kikomo cha vitanda 15. Mi naamini huo ndo muundo sahihi, wodi ndogo, ndani ya hospitali kubwa, karibu na maabara na oksijeni. Wewe tayari uko kwenye hospitali ya mkoa kwahiyo una bahati hiyo, itetee. Akikwambia mtu wagonjwa wote wapelekwe hospitali ya akili ya Mirembe ili mkoa upumue, mwambie kuwarundika watu sehemu moja wakati wa ugonjwa wa hewa ndo kilichoua Cheongdo, na Dodoma ni mbali, ndugu hawataenda kuwachukua.

Ndani ya wodi omba vitu vichache vinavyowezekana. Chumba kimoja cha wapya, kila anayelazwa akae humo mpaka apimwe au siku za uangalizi ziishe, asiingie moja kwa moja kwenye chumba cha watu ishirini. Vitanda vipangwe kichwa kwa miguu, madirisha yafunguliwe hata kama yana nondo, shughuli za vikundi zihamie nje chini ya mti. Kipimo cha oksijeni cha kubana kidole na mtungi mmoja wa oksijeni viwe wodini, sio "mkihitaji njooni kule" maana usiku hamna atakayeenda. Joto na oksijeni vipimwe kwa wote kila siku sababu mgonjwa wetu mara nyingi hasemi kifua kinabana, atakwambia kuna mtu amemkalia, na ukilichukulia kama ugonjwa wa akili tu umempoteza.

Vitakasa mikono vyenye spiriti msiviache ukutani kwenye wodi ya akili, kuna watakaokunywa, nesi atembee na kichupa chake mfukoni na wagonjwa wawe na maji tiririka na sabuni. Barakoa zenye waya na kamba ndefu usimpe mwenye mawazo ya kujiua. Halafu kuna huyu mgonjwa ambaye tayari anaamini watu wanataka kumdhuru, ghafla kila mtu anayemkaribia hana uso! Liberia kipindi cha Ebola msanii wa Marekani Mary Beth Heffernan alianzisha utaratibu wa watumishi kubandika picha ya sura zao kifuani juu ya lile vazi la kujikinga, ni kitu cha bei ndogo sana na kwenye wodi yetu kina maana kuliko wodi nyingine yoyote. Picha, jina kubwa, na kabla hujavaa barakoa msalimie ukiwa mbali akuone.

Hapa naomba nikaze sauti kidogo. Kumtenga mtu sababu ana maambukizi na kumfungia mtu sababu ana vurugu ni mambo mawili, na kwenye mlipuko yanachanganywa vibaya, unakuta mgonjwa ana kipimo chanya ametulia kabisa lakini amefungiwa chumba cha vurugu bila choo, bila maji, sababu eti ndo chumba kilichopo. Hapana. Andika kwenye mpango kwamba anayetengwa kwa maambukizi atakuwa na choo, maji, chakula, mtu wa kuongea naye kila zamu, na ataelezwa kwanini na mpaka lini, na kama hawezi kuelewa ndugu yake ataelezwa. Na asipigwe sindano ya kulala ili tu abaki chumbani, kwa mwenye kifua kibaya dawa za usingizi kama diazepamu zinaweza kumpunguzia kupumua mpaka akafa kimya.

Kwa huko kwenu Kanda ya Ziwa usiandike mpango wa korona peke yake. Kagera imepata Marburg mara mbili, ilitangazwa Machi 2023 wakafa watu sita, ikatangazwa tena Januari 2025 kule Biharamulo na wote 10 waliohesabiwa walifariki. Marburg haisambai kwa hewa kama korona, inasambaa kwa kugusa damu, matapishi, jasho la mgonjwa, sasa fikiria kumshika mgonjwa mwenye vurugu watu wanne, anatema mate, anang'ata, sindano inamponyoka mtu mkononi. Kwahiyo kanuni namba moja ya mapokezi yenu iwe hii: aliyechanganyikiwa ghafla na ana homa sio mgonjwa wa akili mpaka ithibitike vinginevyo. Apimwe malaria, sukari, na aulizwe safari na misiba aliyohudhuria, kabla hajasogezwa wodini. Ndugu watasema ana mapepo au ameanza kichaa, polisi watasema ni wenu huyu, na nesi wa mapokezi kule mbele atafurahi kumuondoa, ila wewe kataa kwa upole mpaka daktari wa tiba amuone. Malaria ya kichwa peke yake imeshaletwa kwetu kama kichaa mara nyingi sana.

Na upande wa pili, sisi nasi tuingie kule wanakotengwa wagonjwa wa mlipuko, hili watu wa idara zetu tunalikwepa. Wazee wenye korona walikuwa wanachanganyikiwa, wanang'oa mipira ya oksijeni, wanafungwa mikono kitandani. Kuna mlevi wa gongo wa kila siku amewekwa karantini, siku ya pili ya tatu anatetemeka, anaona wadudu ukutani, huyo anahitaji diazepamu ya kupangiliwa na vitamini B1 sio kamba. Afrika Kusini ilipopiga marufuku kuuza pombe mwishoni mwa Machi 2020 hospitali zilitakiwa kujiandaa na watu wa namna hii, na kwetu hata bila marufuku, kumtenga mtu ni kumkatia pombe. Wa heroini vilevile, metadoni imfuate alipo. Marekani Machi 2020 waliruhusu waliotulia kupewa metadoni ya hadi siku 28 waende nayo nyumbani, na wasiotulia sana hadi siku 14, wakati kabla ya hapo wengi walikuwa wanatakiwa kwenda kunywa dirishani karibu kila siku. Kama mkoa wenu una kliniki ya metadoni kaeni nao mkubaliane mapema.

Dawa za mlipuko wenyewe nazo zinagongana na zetu. 2020 watu walipewa hidroksiklorokwini na azithromaisini kwa wingi, na zote mbili zinavuruga umeme wa moyo kama ambavyo haloperidoli na klopromazini zinavyofanya, ukizijumlisha moyo unaweza kusimama. Baadae ikaja Paxlovid, vidonge vya korona, ina kitu ndani kinachopandisha klozapini kwa hatari, na kabamazepini nayo inaiua nguvu hiyo Paxlovid. Mlipuko ujao utakuja na dawa zake, kwahiyo usiandike majina, andika kwamba mfamasia lazima apitie chati ya kila mgonjwa wa akili kabla dawa mpya haijaanza. Kama hospitali yenu inatoa tiba ya umeme pia iwekeeni utaratibu maana kumpulizia mgonjwa hewa wakati wa ganzi kunarusha vijimate, sehemu nyingi waliisimamisha kabisa na walioumia ni wenye sonona kali wasiokula wala kunywa, kwao hiyo ni tiba ya kuokoa maisha.

Ndugu. Kwetu ndugu ndo anayeleta chakula, sabuni, nguo, na habari za nyumbani, ukimzuia getini bila kuweka kitu badala yake mgonjwa anaamini ametupwa, na wengine wana ugonjwa ambao tayari unawaambia hivyo. Simu ya wodi, saa maalum, kila mgonjwa na zamu yake. Kule Beni, mashariki mwa Kongo, wakati wa ule mlipuko wa Ebola wa 2018 mpaka 2020 shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya kuta za plastiki zinazoonyesha, ndugu anakaa nje anamuona mgonjwa wake anaongea nae. Hamtahitaji chumba cha namna hiyo, dirisha na viti viwili nje yake vinatosha, lakini wazo ni lilelile.

Watumishi wako walinde kwa maandishi. Taja idadi ya chini ya manesi wa akili ambao hawataondolewa wodini hata iweje, maana ukiwaachia watachukuliwa wote wapelekwe kwenye mlipuko na utabaki na mhudumu mmoja usiku na wagonjwa thelathini. Wagawe timu mbili zisizochanganyika ili moja ikiugua nyingine ibaki. Vifaa vya kujikinga viwafikie siku moja na wodi nyingine, sio mabaki. Baada ya SARS ya 2003 kule Toronto watumishi wa hospitali zilizotibu ugonjwa ule walipimwa zaidi ya mwaka mmoja baadae na bado walikuwa wamechoka na kuumia kuliko wenzao wa hospitali nyingine. Kinachowasaidia kwanza ni vitu vya kawaida, chakula zamu ya usiku, usafiri wa kurudi nyumbani, mapumziko ya kweli, taarifa za ukweli kutoka kwa bosi. Maongezi yawepo kwa anayetaka, usimkalishe mtu kwa lazima asimulie aliyoyaona jana.

Na chanjo ikipatikana wagonjwa wetu wasiwe wa mwisho kwenye foleni. New York walifuatilia wagonjwa 7,348 wa korona, na wenye skizofrenia na magonjwa ya jamii hiyo walikuwa na uwezekano wa kufa mara 2.67 ukilinganisha na wasio na ugonjwa wa akili, hata baada ya kuzingatia umri na magonjwa mengine. Uingereza waliliona hilo wakawaweka wenye magonjwa makali ya akili kwenye kundi la sita la kipaumbele. Kipande hicho cha karatasi uwe nacho mkononi.

Sasa jengo. Kuna uwezekano watalichukua tena, na kuna siku watakuwa na haki ya kulichukua. Kwahiyo usiandike "wodi isichukuliwe", andika masharti: haichukuliwi mpaka sehemu mbadala yenye vitanda kadhaa na choo itajwe kwa jina la jengo, hakuna mgonjwa anayeruhusiwa bila dawa za mwezi (za wa nyekundu zishikwe na ndugu au zahanati kama nilivyosema) na namba ya simu na ndugu aliyempokea kwa sahihi, kliniki haisimami hata siku moja bali inahamia mahali pengine hata kama ni hema, na dharura za akili zina mlango wake tofauti na wa wenye kikohozi. Uingereza 2020 walifanya hilo la mlango, wakafungua sehemu za dharura za akili nje ya zile za kawaida na namba za simu za saa 24 kila eneo, na kwetu linaweza kuwa chumba kimoja na kitanda na nesi mmoja anayejua kazi. Na lazima itajwe tarehe ya kuangalia upya, tuseme kila wiki nne, la sivyo jengo lenu litageuka stoo na mlipuko umeisha zamani.

Kabla hujaupeleka huo ukurasa kikaoni mpe mfamasia na mtu wa maabara wausome, na kama inawezekana mpe na ndugu mmoja wa mgonjwa, hao watakuonyesha palipo na tundu. Mfamasia hasa, maana dawa za miezi mitatu kwa wagonjwa wa kijani ni oda kubwa ambayo Bohari ya Dawa haiwezi kuileta kwa wiki moja, lazima fenobabitoni, Modecate na haloperidoli za akiba ziombwe kwenye oda ya kawaida kuanzia robo hii, na akikwambia bajeti haitoshi anzeni na fenobabitoni na sindano za wenye alama nyekundu.